Mashine, Maji na Tangi

Mwaka wangu wa pili chuoni tulifundishwa habari ya wanafalsafa watano walioketi kwenye meza ya duara. Kila mmoja ana sahani yake, na kati ya sahani na sahani kuna uma mmoja. Ili mtu ale anahitaji uma mbili, wa kushoto na wa kulia. Wote wakinyakua wa kushoto kwa wakati mmoja, hakuna wa kulia uliobaki, na kila mmoja atakaa ameshika uma wake akimngoja jirani amalize kula, wakati jirani naye hajaanza.

Nilinyoosha mkono. "Kwa nini wasinawe wakala kwa mkono?"

Darasa lilicheka. Mhadhiri hakucheka. "Hawa ni wanafalsafa," alisema. "Wangekuwa na akili hiyo wangesomea kitu kingine."

Nilikaa, lakini sikuridhika. Alieleza kwamba uma ni mfano tu. Ndani ya kompyuta kuna programu nyingi zinazofanya kazi pamoja na kugombea vitu vichache, na mkwamo unatokea pale kila moja inaposhika kitu kimoja huku ikingoja kingine kilichoshikwa na mwenzake. Nilichora duara na mishale kwenye mtihani, nikafaulu, na sikuamini hata mshale mmoja. Programu ni bubu, sawa. Lakini walipotuletea watu kama mfano, niliona wanatudanganya. Watu wana midomo. Mtu mwenye njaa atasema, "Ndugu yangu, niazime huo uma." Pingamizi langu lilikuwa hilo, na nilitembea nalo miaka kadhaa nikiwa na uhakika nalo kabisa.

Liliangushwa Jumamosi moja ya msimu wa kahawa, nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Meru.

Siku hizi nimepanga chumba mjini, Sombetini, na ninafanya kazi Kijenge, kwenye ofisi ndogo inayotengeneza programu za kupangia magari ya watalii. Wiki ile mfumo wetu ulikuwa unaganda kila mara na mimi ndiye niliyepewa kutafuta sababu. Nilipanda nyumbani Ijumaa nikiwa nimezikasirikia kompyuta zote duniani, nikijiambia angalau kahawa haina cha kuganda.

Inafaa nieleze jinsi nyumba zetu zilivyo. Babu alikuwa na watoto wa kiume watatu, na alipogawa shamba aligawa na vifaa vya kahawa. Mashine ya kumenyea, ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, ilikwenda kwa mkubwa, ambaye mimi namwita baba mkubwa. Baba yangu, wa kati, alipata kipande cha juu kabisa, ambako mfereji unaingia kwenye ardhi ya ukoo, kwa hiyo mlango wa maji uko kwetu. Mdogo wao alipata kipande cha chini chenye tangi la saruji la kuvundikia kahawa iliyomenywa. Yeye anafanya kazi mbali, nyumbani yuko mke wake, mama mdogo. Kanisani watu hupenda kusema kwamba babu aligawa hivyo ili wanawe wasiweze kuishi bila kupendana. Mimi nadhani aliacha tu kila kitu pale kilipokuwa. Nilishasema hivyo mbele ya wageni na mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mwaka huo mama alikuwa na jambo zito. Miaka michache nyuma alikata mikahawa mizee na kupanda mipya chini ya migomba. Baba alitaka parachichi, kama majirani wengi. Waliafikiana hivi: mavuno ya kwanza ya maana yapelekwe kwenye kikundi cha wakulima peke yake, bila kuchanganywa na ya nyumba nyingine. Ikipokelewa daraja la kwanza, mikahawa inabaki. Isipopokelewa, inang'olewa. Baba alikuwa na imani sana na upande wake wa makubaliano, maana miche ya parachichi ilikuwa tayari imepangwa nje ya jiko kwenye vifuko vyeusi, na ilikuwa inamwagiliwa.

"Ile miche inanitazama," mama alisema Jumamosi ile asubuhi tukichuma. "Kila nikitoka na sufuria, inanitazama."

"Ing'oe."

"Wewe ndivyo ulivyofundishwa mjini?"

Tulichuma nyekundu tupu. Mama alikuwa anakagua ndoo yangu na kutoa hata zile zenye shingo ya kijani. Kahawa mbivu haingoji. Ikilala ndani ya gunia inapata moto, na ikipata moto inabeba harufu ambayo hutaitoa kwa jua lolote. Inatakiwa imenywe siku ileile iliyochumwa. Na siku ile ilikuwa Jumamosi, zamu ya ukoo wetu kwenye mfereji, mpaka jua linapozama. Jumapili kwetu hakuna anayegusa mfereji wala mashine, ni siku ya ibada. Baada ya Jumamosi ile kulikuwa na Jumatatu tu.

Mchana tulimaliza. Maji yalikuwa kwetu, mama ameyazuia kwa magome ya mgomba na udongo, yanaingia kwenye mapipa. Kilichokosekana ni mashine.

"Tukaichukue kwa baba mkubwa," nilimwambia.

"Bado hajaileta."

"Ndiyo maana nasema tukaichukue."

Mama aliniangalia kama mtu aliyetukana kanisani. "Yule ni shemeji yangu mkubwa. Nitaendaje kumwambia fanya haraka? Nimempigia simu kumsalimia. Amesema wanaendelea vizuri."

"Kuendelea vizuri maana yake nini?"

"Maana yake tungoje."

Sikungoja. Nilishuka kwa baba mkubwa. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kivulini, mashine mbele yake imeoshwa na kupakwa mafuta, magunia ya kahawa yamepangwa nyuma yake, na hakuna aliyekuwa anazungusha chochote.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Msomi umekuja. Kompyuta umeiacha wapi?"

"Mjini, inaumwa. Mashine mmemaliza?"

"Hatujaanza." Alisema kwa utulivu kabisa. "Nikimenya nitaweka wapi? Tangi limejaa kahawa ya mama yako mdogo."

"Si umwambie atoe?"

Akanitazama kwa huruma. "Mimi niingie uani kwa mke wa mdogo wangu, nimwambie toa vitu vyako? Umeona wapi?" Ni kweli sijaona. Kwetu mwanamume haingii ovyo uani kwa mke wa mdogo wake. Hata akiwa na ujumbe hukohoa akiwa nje ya ua wa masale, ile mimea tunayoizungushia nyumba. "Nilimpigia. Anasema wanaendelea vizuri."

Nadhani nilianza kusikia kitu hapo, kama unavyosikia mvua ikiwa bado upande wa pili wa mlima. Nilikimbia mpaka chini. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye ukingo wa tangi, mkono ameuingiza mpaka kiwiko, anasugua punje kati ya vidole. Ute ulishaachia. Kahawa yake, iliyomenywa tangu juzi, ilikuwa tayari kuoshwa tangu asubuhi.

"Mama mdogo, mbona hamuioshi?"

"Kwa kitu gani, mwanangu? Kwa mate?" Akacheka. "Maji yako kwa mama yako. Akishamenya atafungulia."

"Umemwambia unayahitaji?"

"Dada yangu ana kahawa yake ile ya miti mipya, na mimi nianze kumsumbua na maji? Kanipigia asubuhi. Nimemwambia tunaendelea vizuri."

Nilikaa kwenye ukingo wa tangi. Mama ana maji, anangoja mashine. Baba mkubwa ana mashine, anangoja tangi. Mama mdogo ana tangi, anangoja maji. Mishale yote ilikuwa pale, imezunguka kwenye migomba mpaka ikarudi ilipoanzia, na ilikuwa mizuri kuliko niliyoichora kwenye mtihani. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha. Najua haikuwa sawa kufurahi. Lakini nilikuwa nimepinga jambo kwa miaka na sasa lilikuwa limeketi nyumbani kwetu linakunywa chai. Watu hawa hawakuwa bubu. Walikuwa na simu, walikuwa wanapigiana, na kila simu ilikuwa inakaza fundo zaidi, kwa sababu kila mmoja alikuwa anatumia mdomo wake kuficha shida yake kwa heshima.

"Mama mdogo," nilisema, "unajua baba mkubwa hajaanza kumenya kwa sababu ya hili tangi?"

Uso wake ulibadilika. "Baba mkubwa ananingoja mimi?"

"Ndiyo. Na mama anamngoja yeye. Na wewe unamngoja mama. Mmekwama wote watatu." Nilikuwa nacheka peke yangu. "Usiondoke, naenda kufungulia maji."

Nilipanda kwa njia ya mfereji. Mama alisikiliza mikono ikiwa kiunoni. Kilichomtisha ni sheria ya mfereji: ukishafungulia wa chini yako, umemaliza, huwezi kuyaomba tena mpaka zamu nyingine.

"Nikiyaachia na mashine isije?"

"Akiosha, tangi linabaki tupu. Tangi likiwa tupu, baba mkubwa anamenya. Akimenya, mashine inakuja."

"Na maji yanatoka wapi wakati huo?"

"Mapipa yamejaa."

"Mapipa ni ya kuanzia, si ya kumalizia." Alitazama magunia yake, akatazama jua, halafu akaichukua fimbo na kubomoa magome yale mwenyewe. Maji yalikwenda chini na sauti yake. Sijawahi kupenda sauti kiasi kile.

Sikumaliza hata kunawa. Kwenye njia ya juu alitokea baba mkubwa, jasho linamtoka, anasukuma toroli, na juu ya toroli ni mashine.

"Shemeji," alimwambia mama, ameangalia pembeni kwa aibu, "nisamehe. Mume wako amenipigia, ndiyo kwanza najua kwamba unaningoja mimi. Menya kwanza wewe."

Mama alinigeukia. Wakati mimi niko bondeni, yeye alikuwa amempigia baba, aliyekuwa kwenye kikao cha usharika, na baba alikuwa amempigia kaka yake. Sasa mashine ilikuwa kwetu, na maji hayakuwapo tena.

"Haidhuru," nilisema haraka, "mama mdogo angalau anaosha."

Simu ya mama ikaita. Alikuwa mama mdogo. Mama aliweka sauti ya juu. "Dada, mwambie shemeji tangi ni tupu, nimeona aibu sana. Nimeichota yote kwenye ndoo, nimeshuka nayo korongoni niioshe huku. Lakini korongo limekauka. Kuna vidimbwi tu."

Yaani maji yalikuwa yanamiminika kwenye ua usio na mtu. Tangi lilikuwa tupu likimngoja mwenye mashine ambaye hakuwa tena na mashine. Mashine ilikuwa mahali pasipo na maji. Wote watatu waliachia walichoshika, kwa ukarimu, kwa wakati mmoja, na tulikuwa tumekwama vilevile, ila sasa tumechoka. Hili nalo lipo vitabuni, la watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake upande uleule. Nilijikuta nimekaa chini nacheka mpaka machozi. Baba mkubwa alimuuliza mama kama mjini nakula vizuri.

Mama hakucheka. Alikuwa amefungua gunia moja na kuingiza mkono, na alivyoutoa taratibu nilinyamaza.

"Baba mkubwa," nilisema, "tusihamishe kitu kingine. Maji yako kwa mama mdogo, na tangi liko kwa mama mdogo. Twende huko na mashine na kahawa yote."

"Nyie nendeni," alisema.

"Na nani azungushe? Mashine hii inakusikia wewe tu."

Ni kweli, ina jino lililolika na mkono wake ndio unaoijua. Alikuna kidevu. Alisema atafika mpaka kwenye masale, zaidi ya hapo tusimlazimishe. Tukashuka, yeye na toroli, mama na mimi na magunia kichwani, tukienda na kurudi. Baba alitukuta njiani akiwa na suti ya kikao, akavua koti akabeba gunia bila kuuliza.

Mashine tuliifunga kwenye pengo la ua wa masale, mguu mmoja upande huu, mguu mwingine upande ule. Mkono wake wa kuzungushia ulikaa upande wa nje, na baba mkubwa akasimama nje, barabara kabisa ndani ya desturi. Mdomo wa mashine ulitema uani. Mama mdogo alirudi na ndoo zake kutoka korongoni, akaona, akasema, "Hapo shemeji hujaingia na wala hujabaki nje," na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona baba mkubwa anacheka.

Lakini nani aanze? Jua lilikuwa limeshaegemea. Baba mkubwa alisema, "Ya shemeji ianze." Mama akasema, "Hapana, ya shemeji, yeye ni mkubwa." Mama mdogo akasema yeye hana haraka, maji wayatumie wao kwanza. Niliona duara linaanza tena kujisuka mbele ya macho yangu.

"Naomba kitu kimoja," nilisema. "Kila mtu aseme kahawa yake ikoje. Kweli tupu. Atakayesema inaendelea vizuri, nampanga wa mwisho."

"Huyu mtoto," alisema baba.

Mama mdogo akatazama ndoo zake. "Yangu imeanza kuchacha," alisema. "Niliogopa kuwaambia, lakini imeanza."

Baba mkubwa alikohoa. "Yangu gunia moja nilichuma jana jioni. Lina moto. Mengine ni ya leo."

Tulimgeukia mama. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, anafuta, anafuta. "Yangu ikilala mpaka Jumatatu," alisema, si kwa baba, kwa mashine, "itanuka, na watairudisha, na miti yangu itang'olewa. Sijui mniweke wapi. Ila ndivyo ilivyo."

Baba alikuwa ameshika ncha ya gunia. Nadhani alijua makubaliano yao kama makubaliano, hakuwa amewahi kuyasikia yakisemwa kwa sauti ile.

Nilipanga papo hapo. Maji yanayokimbia, mama mdogo aoshe sasa hivi, hahitaji mashine. Mashine, gunia la jana la baba mkubwa kwanza, liingie kwenye tangi. Halafu ya mama yote, iingie kwenye ndoo za mama mdogo, ambazo zitakuwa tupu akishamaliza kuosha. Halafu mengine ya baba mkubwa. Na kuanzia hapo hakuna anayempisha mwenzake.

Gunia la jana lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na lile jino lililolika lilikwama mara kadhaa. Mimi nilikuwa namwaga kahawa juu na maji kwa kopo, mama anasimama mdomoni anaokota ganda lililoponyoka, mama mdogo anasugua yake kwenye mkondo mpaka punje zikawa zinalia kama kokoto safi. Mwanga ulikuwa unakwenda. Lilipofika gunia la kwanza la mama, baba mkubwa alikuwa anapumua kwa mdomo na mkono umelegea.

"Nipe," alisema baba.

"Huijui hii."

"Nimekua nayo, kaka. Sogea."

Alikuwa haijui. Mizunguko ya kwanza ilipasua punje, na mama akasema, "Polepole, unazivunja," kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwake. Baba akapunguza. Baba mkubwa alimwekea mkono juu ya mkono mpaka akaipata, kisha akaachia, na baba akazungusha kahawa ya mama mpaka gunia la mwisho, shati la kikao limemganda mgongoni. Jua lilizama ukiwa umebaki ujazo wa ndoo moja ya kahawa ya mama. Zamu yetu ilikuwa imekwisha na maji yakakatwa huko juu. Mama alitaka kuimalizia kwa maji ya pipa, halafu akaacha. Ile ndoo ya mwisho aliitenga kabisa, akaianika na maganda yake, isije ikaharibu nyingine. Magunia ya baba mkubwa yaliyobaki nayo yalianikwa hivyohivyo.

Nilirudi mjini na Jumatatu nikaufungua mfumo wetu kwa hamu ambayo wenzangu waliishangaa. Mkwamo ulikuwamo, sehemu mbili zikishika na kungojana. Niliziwekea mpangilio wa nani achukue kipi kwanza. Nilipoulizwa nimejifunza wapi, nilisema chuoni, kwa sababu kueleza masale kungechukua asubuhi nzima.

Kahawa ya mama ilikauka vichanjani na ikapelekwa kwenye kikundi. Sikuwapo. Aliniambia kwa simu kwamba karani alichukua kiganja, akakinusa mara mbili, akauliza ni ya nani. Mama akamjibu ni yake. Karani akaiweka upande wa daraja la kwanza. Nilipiga kelele ofisini. Mama alisema tu nisimwambie baba kwamba ameniambia, kwa sababu anataka amwambie yeye mwenyewe jioni, wakiwa wamekaa.

Nilipopanda tena nyumbani, vifuko vyeusi havikuwa nje ya jiko. Baba alikuwa ameipanda parachichi yake kando ya barabara, kwenye mpaka, mahali ambapo kahawa isingemea hata hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa chini ya migomba na mkasi wa kupogolea, ameinamia mkahawa mmoja, hajui pa kuanzia.

"Machipukizi haya," alimuuliza mama, "unaacha mangapi?"

"Mawili," mama alisema. "Yaliyosimama wima. Hilo ulilolishika, liache."